Senti 55 kwa Siku: Hesabu ya Sufuria za Sudan

Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuisaidia Sudan mwaka 2025 uliomba dola bilioni 4.2 kwa ajili ya watu karibu milioni 21. Gawanya: kila mtu dola 200 kwa mwaka mzima, yaani senti 55 kwa siku. Na hapo ni kama zote zingetolewa, tena zisipungue njiani.

Zinapungua. Shirika kubwa linalopokea fedha na kuzikabidhi kwa lingine hukata asilimia 7 hivi kwa gharama za uendeshaji. Dola 100 zikipita mikono miwili ya namna hiyo hubaki 86 na ushei, kabla ya mishahara, magari na kodi za nyumba.

Mwaka 2016, mjini Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada itawafikia watu wa nchi husika kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2021, zilizowafikia moja kwa moja duniani kote zilikuwa asilimia 1.2. Kwa mpango wa Sudan, robo ingekuwa dola bilioni 1.05, asilimia 1.2 ni milioni 50 tu.

Vita vilipozuka Khartoum Aprili 15, 2023 na wageni wakahamishwa, waliobaki kupika ni vijana wa mitaa. Vikundi vyao vya kujitolea, viitwavyo Vyumba vya Dharura, vimetokana na kamati za upinzani zilizosaidia kumwangusha Rais Omar al-Bashir mwaka 2019, na vimejengwa juu ya desturi ya nafir, kazi ya pamoja ya hiari, ndugu wa msaragambo wetu. Fedha hutumwa kwa simu, kwa programu ya benki iitwayo Bankak, na chakula hununuliwa sokoni palepale. Lakini Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, majiko yao zaidi ya 1,100, karibu manne kati ya kila matano, yalizimwa ndani ya wiki chache.

Utafiti wa shirika la Share Trust wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mashirika ya ndani yanaweza kufanya kazi ileile kwa unafuu wa asilimia 32. Takwimu hiyo hupendwa sana, nami naiogopa kidogo, maana sehemu kubwa ya unafuu huo ni mishahara midogo. Wapishi wa Khartoum wanajitolea. Wenzao wamekamatwa na pande zote mbili za vita, wengine wameuawa. Gharama haikupotea, imebebwa na wao.

Kwa hiyo anayepeleka fedha moja kwa moja apeleke na ile asilimia 7. Katika kila dola 100,000 ni dola 7,000: matibabu ya aliyejeruhiwa, posho ya mpishi, intaneti ya kutuma hesabu.