Kawia ufike: gari la magurudumu manne haliishindi barafu

Sala ya Alfajiri katika majira ya baridi huhudhuriwa na jamaa wachache, na kila mmoja anajulikana mahali pake. Ndiyo maana asubuhi moja ya Januari iliyopita, tulipotoa salamu na kugeuka, tuliona mara moja kwamba mahali pa mzee wetu mmoja katika safu ya kwanza palikuwa patupu. Hatukuwa tumemaliza nyiradi zetu simu ikalia. Alikuwa mwanawe. Gari lao lilikuwa mtaroni, kilomita mbili hivi kutoka msikitini, limegeuka likitazama lilikotoka. Ndani yake mlikuwamo mzee, mkewe, kijana wao na mjukuu wa miaka sita.

Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia, ila mama alivilia damu begani pale mkanda ulipombana. Tulipofika tulimkuta mzee amesimama kando ya barabara, kofia imejaa theluji, akilitazama gari lake kwa mshangao uliozidi hofu.

"Katibu," alituambia, "hili si gari la magurudumu manne? Na ile taa ya mtambo wa kuzuia kuteleza niliiona kwa macho yangu ikiwaka. Sasa mbona limenitupa?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimwambia tu, "Mzee wetu, mshukuru Allah, ingia kwenye gari letu upate joto." Lakini swali lile lilitukaa moyoni. Mzee huyu ameendesha gari zaidi ya miaka 30, mingi katika hiyo kwenye tope la masika huko nyumbani Afrika Mashariki, na gari hili alilinunua kwa gharama kubwa kwa ajili ya usalama wa watu wake. Jamaa wengi wa msikiti wetu hapa kusini mwa Ontario, nchini Kanada, wamefanya kama yeye. Basi tukaona ni wajibu wetu kuuliza mafundi, kusoma, na kuziletea familia zetu tuliyoyapata.

Magurudumu manne yanasaidia nini?

Katika gari la kawaida, nguvu ya injini huenda kwenye magurudumu mawili tu. Katika gari la magurudumu manne nguvu hiyo hugawanywa kote. Faida yake ni ya kweli: gari huondoka bila kuzungusha matairi mahali pamoja, hupanda kilima chenye theluji, na hutoka kwenye lundo la theluji ambalo gari jingine lingekwama. Hili ndilo alilolizoea mzee wetu kwenye tope, na hakukosea kulisifu.

Lakini tutafakari jambo moja jepesi ambalo wengi tunalisahau. Breki za kila gari, liwe la bei ndogo au kubwa, ziko kwenye magurudumu yote manne tangu hapo. Kwa hiyo katika kusimama, gari la magurudumu manne halina ziada yoyote juu ya gari la jirani. Katika kukata kona kwa kasi, msaada wake ni mdogo mno. Tena aghalabu ni zito zaidi, na uzito huo ukishaanza kuserereka si rahisi kuuzuia.

Hatari yake iko hapo hapo penye faida yake. Dereva wa gari la kawaida huonywa mapema: akikanyaga mafuta, matairi yanazunguka bure, naye anajua kwamba barabara inateleza. Dereva wa gari la magurudumu manne huondoka kwa utulivu kana kwamba yuko juu ya lami kavu. Hajui hali ya barabara mpaka pale anapotaka kusimama.

Mtambo uliozaliwa mtaroni

Ile taa aliyoiona mzee ni ya mtambo wa kielektroniki wa kulinda uthabiti wa gari. Kwenye dashibodi huandikwa ESC au ESP, au huonyeshwa kwa picha ya gari dogo lenye alama za mserereko nyuma yake.

Historia yake ina mafunzo. Mwaka 1989 mhandisi kijana wa Mercedes-Benz, Frank Werner-Mohn, alikuwa kaskazini mwa Uswidi katika majaribio ya magari ya baridi. Akateleza, akaishia mtaroni. Alipokuwa akingoja kuvutwa ndipo lilipomjia wazo la kuziunganisha breki na kompyuta ili gari litambue lenyewe kwamba linapotea njia. Wahandisi wa kampuni ya Bosch, wakiongozwa na Anton van Zanten, walifanya kazi hiyo pamoja na Mercedes-Benz, na mwaka 1995 mtambo ukaanza kuuzwa katika magari ya fahari. Mwaka 1997 gari dogo jipya la kampuni hiyohiyo, A-Class, lilipinduka huko Uswidi katika jaribio la kukwepa kitu cha ghafla barabarani lililofanywa na gazeti la Teknikens Värld. Kampuni ikaamua kuuweka mtambo huo katika kila gari la aina ile, na kilichokuwa anasa ya matajiri kikaanza kuwafikia watu wa kawaida.

Utendaji wake ni huu. Kwenye usukani kuna kihisi kinachopima dereva amekata kona kiasi gani. Kila gurudumu lina kihisi cha mwendo wake, na mwilini mwa gari kuna kingine kinachopima jinsi gari lenyewe linavyogeuka. Kompyuta hulinganisha mambo mawili: dereva anataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi hasa. Mtambo wa Bosch hulinganisha hivyo mara 25 katika sekunde moja. Mambo hayo mawili yakihitilafiana, kompyuta hushika breki ya gurudumu moja peke yake. Mkia wa gari ukitaka kutoka nje ya kona, hushikwa gurudumu la mbele la upande wa nje. Gari likikataa kugeuka na kwenda moja kwa moja, hushikwa la nyuma la upande wa ndani. Wakati huohuo nguvu ya injini hupunguzwa. Dereva hata awe hodari namna gani hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa pedali yake ya breki ni moja.

Manufaa yake hayana shaka. Idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipotoa kanuni yake mwaka 2007 ilikadiria kwamba mtambo huu ungepunguza ajali za gari moja peke yake kwa asilimia 34 katika magari madogo, na kwa asilimia 59 katika yale makubwa ya SUV. Hapa Kanada umekuwa lazima katika magari mapya ya abiria yaliyotengenezwa tangu Septemba 1, 2011, na katika Umoja wa Ulaya kwa magari mapya yote tangu Novemba 2014. Anayenunua gari lililotumika, la kabla ya miaka hiyo, asione haya kuuliza kama linao.

Mpaka wa mtambo

Sasa turudi kwenye swali la mzee: mbona limemtupa?

Kila tairi hugusa barabara kwa sehemu ndogo inayokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Viganja hivyo vinne ndivyo vinavyobeba gari zima na roho zote zilizomo. Mtambo wa uthabiti hufanya kazi kwa kutumia breki, na breki hufanya kazi kwa mshiko wa tairi na ardhi. Mshiko ukiwapo, mtambo huugawa kwa hekima. Usipokuwapo, hauna cha kugawa.

Mwongozo wa barabarani wa Uingereza unaeleza kwamba umbali wa kusimama juu ya barafu waweza kufikia mara 10 ya ule wa barabara kavu. Gari la mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, linalohitaji mita 23 kusimama kwenye lami kavu, laweza kuhitaji zaidi ya mita 200. Na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa breki huwa mara nne.

Mzee alituambia, "Kibao kiliandikwa 60, nami nilikuwa 60. Sikuvunja sheria." Kweli hakuvunja. Lakini kibao kile kimewekwa kwa siku njema. Mahali alipoteleza ni kwenye kona inayofuata daraja, na madaraja huganda kabla ya barabara kwa sababu baridi huyapata juu na chini. Barafu ya pale ni nyembamba, huona lami nyeusi ukadhani ni unyevu tu. Taa ya mtambo ilipopepesa, yeye aliiona kama bishara kwamba gari linamlinda. Ilikuwa onyo kwamba mshiko umefikia ukingoni. Anayeiona taa ile atoe mguu kwenye mafuta taratibu, wala asiendelee kwa mwendo uleule.

Jambo la tatu lilikuwa matairi. Yake yalikuwa ya misimu yote, tena yameshatumika sana. Mpira wa matairi ya kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, hata kabla theluji haijaanguka. Matairi ya baridi hubaki laini, na alama yake ni mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Jimbo la Quebec limeyafanya kuwa lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Hapa Ontario si lazima, lakini tangu mwaka 2016 kampuni za bima zinatakiwa kumpunguzia malipo mwenye kuyaweka, na jamaa wengi hawadai haki hiyo. Yawekwe yote manne, ya aina moja. Gari dogo la kawaida lenye matairi hayo laweza kusimama mapema kuliko gari la magurudumu manne lisilokuwa nayo.

Kosa letu sisi

Tungeweza kuishia hapo tukawa tumemlaumu mzee peke yake. Lakini tulipomuuliza kwa nini hakupunguza mwendo, alijibu kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nakimbilia takbira ya kwanza, mwanangu."

Jibu hilo lilituumiza. Ijumaa iliyotangulia, tangazo lililosomwa msikitini tuliliandika sisi wenyewe. Tuliwahimiza jamaa kuhudhuria Alfajiri, tukawataja kwa kejeli wanaoogopa baridi. Nia ilikuwa njema, lakini elimu tuliyosomeshwa chuoni ilitutaka kusema zaidi ya hapo. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba ikisikika iqama, mtu aiendee sala kwa utulivu na heshima bila kukimbia, asali alichokidiriki na akamilishe kilichompita. Katika usiku wa baridi au mvua alikuwa akimwamuru mwadhini awatangazie watu wasali walipo. Na Ibn Abbas (R.A.), siku ya mvua, aliamuru hivyo hata siku ya Ijumaa, akieleza kwamba hakupenda kuwatia watu katika mashaka ya kutembea kwenye tope na utelezi. Utelezi huohuo, ndugu zetu, ndio ulio nje ya milango yetu kuanzia Desemba hadi Machi.

Kwa hiyo kamati imekubaliana mambo mawili. Usiku wenye barafu, ujumbe wa ruhusa ya kusali nyumbani hutumwa kabla ya adhana, ili asiwepo anayejiona mnyonge wa imani kwa kubaki na watoto wake. Na kwa wanaokuja, iqama ya Alfajiri husogezwa mbele dakika 15.

Ya kuzingatia nyumbani

Kwanza, vioo vyote, taa na paa la gari visafishwe theluji kabla ya kuondoka. Tundu la kuchungulia halitoshi.

Pili, usukani, breki na mafuta vyote viguswe kwa upole. Ikilazimu kusimama ghafla, breki ikanyagwe kwa nguvu na isiachiwe. Kutetemeka kwa pedali ni kazi ya mtambo wa breki.

Tatu, gari likiteleza, macho na usukani vielekee unakotaka kwenda, si kwenye mtaro.

Nne, kitufe cha kuzima mtambo wa uthabiti kina kazi moja kwetu: kulinasua gari lililokwama theluji, ambapo magurudumu huhitaji kuzunguka kidogo. Likishatoka, mtambo uwashwe mara moja.

Tano, ukikwama na injini inawaka, hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua waliolala ndani ya gari.

Mzee wetu amerudi katika safu ya kwanza, gari likiwa na matairi mapya manne. Asubuhi moja ya Februari alifika rakaa ya kwanza imeshapita. Akasimama, akakamilisha iliyompita, kisha akaja kutupa mkono. "Leo nimekuja kilomita 30 kwa saa," alisema. "Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa akinisomea kipima mwendo."

Bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Matairi mazuri na mwendo wa pole ndiyo kamba ya ngamia wetu katika nchi hizi za theluji. Tunamuomba Allah (S.W.) azihifadhi familia zetu barabarani, na atujaalie kufika salama, hata kama ni kwa kuchelewa. Amin.