Siku Nne Ziwani: Namna ya Kupanga Safari ya Likizo kwa Watu wa Ufipa



Mwezi wa Juni ukiingia, baridi ya Ufipa huwa kali, majani ya uwanda hukauka, na shule hufungwa. Ndipo watoto wa nyumba nyingi huanza kuuliza: "Baba, mwaka huu twende wapi?" Jibu aghalabu huwa, "Tutaona," na likizo hupita hali hapana kilichoonekana.

Ajabu ni kuwa sisi tulio Sumbawanga tumewekwa baina ya maziwa mawili. Magharibi yetu liko Ziwa Tanganyika, na mashariki, chini ya ukuta wa milima, liko Ziwa Rukwa. Msitu wa Mbizi uko karibu na mji wetu. Walakini tulipowauliza watoto wa darasa letu la jioni ni nani miongoni mwao aliyekwisha kuliona Ziwa Tanganyika kwa macho yake, mikono iliyonyoshwa ilikuwa michache. Urefu wa ziwa hilo wanaujua kwa kuusoma kitabuni, na dagaa wake wanawala nyumbani, bali maji yake hawajayaona.

Makala haya hayakuandikwa kumtia mtu tamaa ya anasa. Twataka kuonyesha vipi mtu wa kipato cha kadiri aweza kuwachukua watu wa nyumbani kwake kwenda upande wa kaskazini, kwenye ziwa na misitu, kwa muda wa siku nne, kisha akarudi bila deni, bila mgonjwa, na bila mama wa nyumba kuwa amechoka kuliko alivyoondoka. Hili la mwisho ndilo lisahauliwalo zaidi.

KUCHAGUA MAHALI

Jambo la kwanza ni kutotaka kila kitu kwa mara moja. Mwenye siku nne hawezi kuona ziwa, na mbuga, na maporomoko, akapumzika pia. Achague pamoja na mkewe, na watoto wakubwa waulizwe rai yao.

Asiye na fedha za kulala ugenini anao Mbizi. Aombe ruhusa kwa wenye kuusimamia msitu, aende asubuhi na kurudi jioni. Milima yake yapita mita 2,400, na ndani ya miti wamo mbega wekundu, wanyama ambao hawapatikani katika misitu mingi ya nchi yetu. Watoto na waonyeshwe jinsi msitu unavyohifadhi vyanzo vya maji, na waelezwe ubaya wa moto unaowashwa ovyo wakati wa kiangazi. Jambo hilo wataliona kwa macho, nalo halitawatoka.

Mwenye uwezo zaidi aweza kufuata njia ya Mpanda mpaka Katavi, mbuga ya taifa tangu mwaka 1974, yenye kilomita za mraba 4,471. Msitu wake mwingi ni wa miyombo. Wakati wa kiangazi mto Katuma hupungua, na viboko hukusanyika kwa wingi katika madimbwi yaliyobaki, hata huonekana karibu na kijiji cha Sitalike. Lakini ada ya kuingia, gari la kukodi na mbung'o wenye kuuma ni mambo ya kufikiriwa kabla. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi kiingilio.

Sisi twaona kwamba safari ya kwanza ya nyumba yenye watoto na iwe Kipili, katika wilaya ya Nkasi, wapata kilomita 150 kutoka Sumbawanga. Njia yapita Chala na Namanyere, kisha yashuka katika misitu mpaka ziwani, na mbele ya bandari pana visiwa vidogo. Katika mwendo wa siku moja mtoto huona uwanda, msitu na ziwa.

KUCHAGUA WAKATI

Juni ni mwezi wa likizo, na mvua imekwisha, kwa hiyo njia ni njema. Lakini Juni pia ni wakati wa mavuno. Mahindi yaliyo shambani hayangoji, na safari ije baada ya kuyaingiza ghalani, si kabla.

La pili ni mwezi wa mbinguni. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa kuwavuta dagaa kwa taa. Mwenye kwenda mwisho wa mwezi wa Kiislamu, au siku zake za mwanzo, ataona taa nyingi juu ya maji, kama kwamba mji umejengwa ziwani. Mwenye kwenda tarehe 13, 14 na 15 atapata mbalamwezi nzuri ya watoto kuchezea, bali taa zitakuwa chache na dagaa wabichi watakuwa adimu. Basi sisi tunaotazama kalenda ya Hijria kwa ajili ya funga na sikukuu, hapa twaweza kuitumia kwa safari vilevile.

Tena yapasa kuuliza habari za uvuvi. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Mwenye kwenda Juni aulize kwanza kama uvuvi uko wazi, asije akawaahidi watoto taa na migebuka, kisha asivione.

FEDHA

Safari ya furaha haijengwi juu ya deni. Mwenye kuweka shilingi 1,000 kila siku tangu mwezi wa Desemba, baada ya siku 180 atakuwa na shilingi 180,000, na hatakuwa amesikia uzito wake. Watoto nao wawe na kibubu chao, hata kama ni cha sarafu, maana safari iliyochangiwa huheshimiwa.

Fedha hizo zigawanywe mafungu matatu: nauli, chakula na malazi, na akiba isiyoguswa. Nauli ya kurudi ihesabiwe siku ile ile ya kuondoka, ifungwe mbali, na akabidhiwe mama wa nyumba kuiweka. Akiba ni kwa ajili ya ugonjwa au gari kuharibika. Ikirudi nyumbani salama, ndiyo mwanzo wa safari ya mwaka ujao.

Liko kosa moja ambalo twawaonya wenzetu wakulima. Wakati wa mavuno bei ya mahindi huwa ya chini. Mtu huuza magunia mawili matatu apate nauli, kisha Januari hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu ili watoto wale. Huyo safari yake haikuchukua siku nne. Imechukua nusu ya mwaka. Kama hapana njia ila kuuza chakula cha nyumba, basi na aende Mbizi, na ziwa lingoje.

MWENYEJI NA MGENI

Wengi wetu tuna jamaa pande za Kipili na Kirando, na fikira ya kwanza ni kufikia kwao. Ni jambo jema, kwani kuunga udugu ni ibada. Lakini familia ya watu saba ikiingia katika nyumba ya vyumba viwili bila ya habari, huo si udugu bali ni msiba. Apewe habari wiki mbili kabla, aambiwe idadi ya watu na siku ya kuondoka. Mgeni achukue kitu cha huku juu: unga wa ulezi, maharagwe, viazi. Vitu hivi huko ziwani hupokewa kwa furaha.

Mtume, rehema na amani zimshukie, ameweka mpaka wa ukarimu kuwa siku tatu, na akakataza mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Wazee wetu nao walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kama mwenyeji hana nafasi, nyumba ndogo ya wageni yafaa zaidi, hata kwa usiku wawili tu.

MAPUMZIKO YA NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Tumeona safari nyingi ambazo baba hukaa chini ya mwembe akizungumza na wenyeji, watoto hucheza mchangani, na mama yuko jikoni. Ameamka kabla ya wote, amepika katika jiko asilolizoea, amefua nguo zilizojaa mchanga, na akirudi Sumbawanga anakuta vumbi la siku nne likimngoja. Tukimwuliza kama alipumzika, atajibu "Alhamdulillahi," kwa kuwa ana adabu.

Basi kazi zigawanywe kabla ya kuondoka. Sunna imetufundisha kwamba watu watatu wakisafiri wamweke mmoja wao kuwa kiongozi. Lakini kiongozi wa safari si mwenye kuhudumiwa. Ni mwenye kuhakikisha kwamba kila mtu amehudumiwa. Mvulana wa miaka kumi na miwili aweza kuchota maji na kuosha vyombo. Msichana wa umri huo huo asifanywe mpishi wa pili, eti kwa sababu ni msichana. Baba achukue mtoto mdogo alfajiri ili mama apate kulala, na mlo mmoja kila siku ununuliwe ukiwa tayari. Bibi Aisha ameeleza kwamba Mtume alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake katika kazi zao. Basi ni nani miongoni mwetu aonaye haya kuosha sufuria?

Na mke wa mwenyeji asisahauliwe, maana yeye ndiye anayelemewa na wageni. Wageni wafagie walipolala, wachote maji yao, na wasingoje kuandaliwa kila kitu.

AFYA

Sumbawanga iko kadiri ya mita 1,800 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika liko kadiri ya mita 770. Kwa kushuka mita elfu moja joto huongezeka kama digrii sita, na mbu pia huongezeka. Watoto waliokulia juu kwenye baridi hawajazoea malaria kama wenzao wa ziwani, kwa hiyo huweza kuugua sana. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa, na jioni watoto wavae nguo za mikono mirefu.

Neno lenye faida zaidi ni hili: malaria haionekani siku ya kuumwa na mbu. Dalili zake huja baada ya siku saba au zaidi, pengine baada ya mwezi, wakati safari imekwisha sahauliwa. Mtoto akishikwa na homa baada ya kurudi, apelekwe hospitali siku ile ile, na mganga aambiwe kwamba mtoto alikuwa ziwani. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha.

Maji ya kunywa yachemshwe. Kuoga ziwani kusifanywe mahali penye maji yaliyotuama na majani, maana hapo hukaa konokono waenezao kichocho; na mahali pa kuoga waulizwe wenyeji, kwani mamba hawana alama. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa. Asipande mtu mtumbwi uliojaa, wala mtoto asipakiwe bila ya vazi la kuelea, hata nahodha akiapa.

IBADA NJIANI

Safari ya Kipili yapita umbali ambao Mashafii hukubali kufupisha Sala; ya Mbizi haifiki. Aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huyo hukamilisha Sala zake. Kwa hiyo mpango wetu wa siku nne humwacha mtu katika ruhusa ya msafiri. Iliyo bora ni kuondoka Jumamosi baada ya Sala ya alfajiri na kurudi Jumanne, ili Ijumaa isipotee.

YA KUWAONYESHA WATOTO

Wafikapo ukingoni waambiwe walichosimama mbele yake. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake chafika mita 1,470. Duniani hapana ziwa lenye kina kulishinda ila Baikal, huko Urusi. Karibu sehemu moja katika sita ya maji matamu yote yaliyo juu ya ardhi, pasipo kuhesabu barafu, yamo humu. Nchi nne hulinywa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia.

Waelezwe pia habari za meli Liemba, ambayo kwa miaka mingi ilitia nanga katika bandari za mwambao huu. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Chombo kilicholala chini ya maji miaka minane kikainuka kufanya kazi ni somo kwa mwanafunzi aliyeanguka mtihani.

Siku ya nne, haja ikiisha, na warudi. Mtume amemtaka msafiri aliyemaliza haja yake asikawie kurejea kwa watu wake. Jioni ile mama asipewe ufagio. Watoto wafungue mizigo, baba apike uji, na kibubu kirudishwe mahali pake kikiwa na sarafu ya kwanza.

Wabillahi taufiki.