Minara ya simu: volti 48 za batri hazitishi, lakini zinaunguza

Kwenye minara ya simu, mitambo mingi inatumia umeme wa batri wa volti 48. Ni rahisi kuudharau, kwani mara nyingi haumrushi mtu. Hatari iko kwingine: bisibisi ama pete ikigusanisha nyaya mbili, batri inatoa mamia ya ampea na chuma kinayeyuka. Tena cheche yake haizimiki upesi kama ya umeme wa nyumbani.

Kwa hiyo fundi avue saa na pete, azime disjonta, apime kwa multimeta, kisha afunge kwanza waya wa ardhi. Asiamini rangi peke yake: hapa chanya ndiyo inaungwa na ardhi, hasi ndiyo inabeba volti. Akizigeuza, mtambo unaweza kuungua na mtaa mzima ukakosa mtandao.