Kusoma Kabla ya Kufomati: Flopi za Miaka ya 1990 kama Chanzo cha Data katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Miaka ya 1990 ni kipindi muhimu katika historia ya uchimbaji dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, tukio ambalo bado lina ubishani. Sheria ya Madini ilitungwa mwaka 1998. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2000 na 2001. Wakati huohuo, flopi ya inchi 3.5 ilikuwa chombo cha kawaida cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Kwa hiyo, mtafiti wa ardhi, fidia au jiolojia anaweza kukabidhiwa flopi mahali alipotarajia jalada la karatasi.

Flopi hiyo ina pande 2; kila upande una njia 80 za duara, na kila njia ina vipande 18 vya baiti 512. Jumla ni baiti 1,474,560. Kompyuta za sasa huisoma kwa kiendeshi cha nje cha USB. Vumbi, ukungu au kudhoofika kwa sumaku kunapozuia usomaji, Windows huweza kumtaka mtumiaji aifomati. Ujumbe huo haumaanishi kwamba flopi ni tupu, bali kwamba mfumo haukuutambua mpangilio wake. Kufomati kwa haraka hufuta jedwali la mafaili. Kufomati kikamilifu huandika upya kila kipande.

Utaratibu salama una hatua nne. Kwanza, kitundu cha kuzuia uandishi kiachwe wazi. Pili, nakala ya flopi nzima itolewe kwa programu ya ddrescue katika Linux, ambayo huchukua sehemu nzima kwanza, kisha hurudia zenye kasoro. Tatu, hashi ya SHA-256 ikokotolewe ili watafiti wengine wathibitishe kuwa nakala haijabadilika. Nne, mafaili yafunguliwe kutoka kwenye nakala pekee. Flopi za inchi 5.25 huhitaji kiendeshi cha zamani kilichounganishwa kwa kifaa kama Greaseweazle.

Kufomati kunafaa kwa flopi inayoandaliwa kwa ajili ya mashine ya zamani inayoitegemea. Flopi iliyo chanzo cha utafiti haifomatiwi hata baada ya kunakiliwa, kwa kuwa pale madai ya ardhi yanapobishaniwa, nakala hupimwa kwa asili yake.