Uliza Leseni Kabla ya Kulipa

Ndugu mkulima, ng'ombe wako akiugua humwiti mtu yeyote tu aliyeshika sindano. Fanya vivyo hivyo kwa mtaalamu wa mazingira.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka kazi kama kuchimba kisima kirefu kwa mashine itanguliwe na ripoti ya mazingira. Sheria ni hiyo hiyo kwako katika skimu, na kwa mwanao ajengaye nyumba ya kupangisha kule Ayany, karibu na Kibera. Ripoti hiyo huandikwa na mtaalamu aliyeandikishwa na NEMA tu. Kanuni za mwaka 2003 zaeleza elimu na ujuzi unaotakiwa.

Cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Leseni hutolewa kila mwaka. Basi, kabla ya kutoa hata senti moja:

1. Mwambie akuonyeshe leseni. Soma jina na mwaka.
2. Uliza ofisi ya NEMA ya kaunti kama jina lake limo katika daftari.
3. Dai stakabadhi.

Ripoti ya mlaghai haipokelewi. Fedha zitakuwa zimekwenda, na kisima hakuna.