Kiti Ndani ya Dawa ya Kuchua

Asubuhi Eldoret, ukiwapita wakimbiaji wanaopasha misuli, harufu hukufikia kabla ya salamu. Mmoja amejipaka dawa ya kuchua kwenye mashavu ya miguu, na baada ya dakika mbili anasema baridi imeingia hadi mfupani. Haijaingia. Joto la ngozi yake halijashuka kama anavyodhani. Mentholi, ile ile iliyomo kwenye mnanaa, imefungua mlango mdogo katika mishipa ya fahamu uitwao TRPM8, ambao baridi ya kweli nayo huufungua. Mwaka 2002 David Julius na Ardem Patapoutian waliutambua, kila mmoja katika maabara yake, na mwaka 2021 wakagawana Tuzo ya Nobel kwa utafiti wao wa hisia za joto na mguso.

Mimi, mtu wa kemia, huvutiwa zaidi na ufunguo. Kiini chake ni pete ya atomi 6 za kaboni, saikloheksani. Vitabuni huchorwa bapa kama nati ya bolti, lakini pete hiyo haipendi kulala bapa: pembe zake hutanuka kupita kiasi na haidrojeni za jirani hukabana. Basi hujikunja, ncha moja juu na nyingine chini, ikafanana na kiti cha kujilaza. Hermann Sachse alilisema hilo mwaka 1890 na wachache wakamsikiliza. Odd Hassel na Derek Barton, waliokuja kuonyesha uzito wa maumbo hayo, walipata Nobel mwaka 1969.

Kila kaboni ya kiti ina nafasi mbili za kupachika kitu: moja wima, nyingine imeelekea nje. Aliyekaa wima hubanana na wenzake wa upande huo. Mentholi imepachikwa vitu vitatu, methili, haidroksili na isopropili, na kila kimoja kina mielekeo miwili. Mbili mara mbili mara mbili: maumbo 8, fomula moja, C10H20O. Katika mentholi vyote vitatu vimekaa nje kwa raha. Isimamishe haidroksili peke yake, una neomentholi, kitu kingine.

Hata umbo hilo la raha lina pacha wa kwenye kioo. Aliyerudi nyumbani kutoka sokoni na viatu viwili vya mtumba, vyote vya mguu wa kushoto, hahitaji maelezo. Mnanaa hutengeneza wa upande mmoja tu. Pacha wake hupoza kwa unyonge.

Kiwandani, basi, kazi ni kupata umbo moja kati ya manane. Miaka ya 1980 kampuni ya Takasago ya Japani, kwa kichocheo cha rodiamu kilichotokana na kazi ya Ryoji Noyori (Nobel, 2001), ilianza kuchagua upande tangu hatua za mwanzo. Ni ustadi mkubwa. Ila mimi naipenda zaidi njia ya Haarmann & Reimer ya Ujerumani, ya miaka ya 1970: thimoli, ambayo ni pete bapa yenye vitu vile vile vitatu, huongezewa haidrojeni 6, na maumbo yote 8 hutoka kwa pamoja. Linalotakiwa hutengwa. Yaliyobaki hayatupwi, hurudishwa motoni pamoja na kichocheo, yakageuka na kugeuka tena, na sehemu kubwa hutulia pale ambapo vitu vyote vitatu vimekaa nje.