Ndege ya kujengwa garajini: kwa nini mzee anaruhusiwa, na kwa nini hawezi kukuuzia tikiti

Hapa kwetu mzee akitoka kazini, kama pensheni inafika, ananunua ng'ombe ao anamalizia nyumba. Kule Marekani kuko wazee wanaojenga ndege. Si ya kuchezea watoto. Ni ndege ya kweli, moteri mbele, viti viwili, na mwenyewe anaruka nayo. Wanaijengea katika garaji, pale ambapo gari ilikuwa inalala.

Wengi wananunua vipande tayari. Kampuni moja ya jimbo la Oregon, Van's Aircraft, inauza masanduku yenye mabati ya aluminiamu yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa. Ndege zake zaidi ya 10,000 zimekwisha kuruka. Lakini kupiga riveti, na hizo ni maelfu, ni kazi ya mwenyewe.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini wengi wao ni watu wa retreti. Ndege kama hiyo inakula saa 1,500 hivi, na mara nyingi zaidi. Fanya hesabu: mtu mwenye nafasi ya Jumamosi peke yake, saa sita, atamaliza karibu miaka mitano. Mzee anayeweza kufanya saa nne kila siku, siku tano kwa juma, atamaliza katika mwaka mmoja na nusu. Kama mgongo unakubali.

Sasa, serikali inakubali namna gani mtu arushe kitu alichotengeneza nyumbani? Ulaya walijifunza kwa maumivu. Mnamo 1934 Mfaransa Henri Mignet alitoa kitabu cha kufundisha watu wa kawaida kujenga ndege yake ndogo, aliyoiita Chawa wa Angani (jina la ajabu kwa kitu unachoingia ndani yake). Wengi waliijenga. Baadhi wakafa, sababu mabawa yake mawili yalipangwa vibaya: pua ikiinama sana, rubani hakuweza tena kuiinua. Ufaransa na Uingereza zikaizuia kuruka.

Marekani leo masharti ni haya. Zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wasio wa kiwanda, kwa kujifunza ao kujifurahisha. Mwenyewe anaandika kila hatua katika daftari na kupiga picha, maana atadaiwa ushuhuda. Kisha anakuja mkaguzi. Akikubali, ndege inapata cheti, lakini cha majaribio tu. Kwa kawaida itaruka kwanza saa 25 ao 40, kufuatana na moteri na elisi yake, katika eneo lililopangwa, mbali na penye nyumba nyingi, bila abiria. Hata kisha hapo, ndani kunabaki kibao cha kumwonya abiria kwamba ndege hii haikutimiza masharti ya usalama ya ndege za kawaida. Na mwenyewe hana ruhusa hata siku moja kubeba mtu ao mzigo kwa malipo.

Ukiangalia vizuri, sheria haisemi ndege ya mzee ni salama. Inasema: hatari ni yako, basi ibaki kwako. Rafiki anayepanda ameonywa. Watu wa chini wanalindwa na lile eneo. Na mwenye kulipa tikiti hayumo kabisa.

Kwetu ndilo jambo la kufikiria. Mtu wa Shabunda ao Walikale hapandi ndege ndogo kwa kujifurahisha. Barabara ndiyo inamsukuma. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege aina ya Dornier 228 iliyokuwa inaenda Beni iliangukia nyumba za watu katika mtaa wa Mapendo, hapo Goma, punde tu baada ya kuruka. Na tangu 2006 Umoja wa Ulaya umefunga anga lake kwa makampuni ya ndege ya Kongo. Abiria wetu amelipa, na hakuna kibao kinachomwonya.

Haki anayo, hata hivyo. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Kongo imo, unadai kila ndege inayovuka mipaka ibebe cheti cha kuandikishwa na cheti cha kufaa kuruka. Ibebe ndani ya ndege yenyewe, si katika meza ya mkubwa fulani mjini.